Mpiga besi alipopata mimba

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nawaona.

Leo sizungumzii homa ya mtoto wala kitovu. Leo nazungumzia mwanamuziki. Mnivumilie tu, mwisho wa safari tutarudi wodini.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa zamu ya usiku, wodi ya wazazi. Ilikuwa kama saa nane hivi, ule muda ambao watoto wameamua kulala wote kwa pamoja na wewe nesi unaogopa hata kuburuta kiti. Nikasikia muziki mdogo kutoka kitanda cha pembeni. Dada mmoja, miaka ishirini na kitu, uzazi wa kwanza, siku ya pili tangu afanyiwe operesheni. Ameweka simu kifuani, mtoto pembeni, anaimba chini chini. Sio kuimba kwa kufuatisha tu, hapana. Alikuwa anaweka sauti ya pili juu ya sauti ya mwimbaji. Na ilikaa.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, una sauti wewe."

Akasema, "Nilikuwa naimba, nesi. Bendi moja ya hotelini walikuwa wameshaniita. Hayo yameisha sasa."

Hakulia. Alisema kama mtu anayekwambia mvua imekatika. Na bibi wa mtoto aliyekuwa amejikunja kwenye kiti pale pembeni, nikidhani amelala, akadakia: "Ameshakuwa mama. Atulie alee."

Sikujibu usiku ule. Nilikuwa na dawa za kugawa, na mkubwa wako huwezi kubishana naye saa nane ya usiku. Ila jibu limenikaa kooni wiki mbili, na leo nalitoa hapa.

Wimbo aliokuwa anaimba unaitwa "Put Your Records On". Wengi mnaujua hata kama hamjui jina lake. Ulitoka 2006, halafu 2020 ukarudi kwa kishindo kwenye TikTok kwa sauti ya kijana wa Kimarekani anayejiita Ritt Momney. Aliyeutunga pamoja na wenzake na kuuimba mara ya kwanza ni Corinne Bailey Rae, Mwingereza, na muziki wake wanauita neo-soul, yaani soul ya kizazi kipya. Ndani ya historia ya mwanamke huyu, kabla hajawa na jina, kuna mimba. Sio yake. Na ndiyo inayonifanya niandike.

SEHEMU YA 2

Corinne alizaliwa tarehe 26 Februari 1979 katika mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake anatoka Saint Kitts, kisiwa kidogo sana kule Karibi. Mama yake ni Mwingereza wa hukohuko Yorkshire. Nyumbani walizaliwa wasichana watatu na yeye ndiye mkubwa wao. Mnajua wenyewe kifungua mimba wa kike anavyobebeshwa matarajio ya nyumba nzima.

Shuleni alijifunza fidla, ule muziki wa kukaa wima na kusoma nota. Kanisani aliimba. Mpaka hapo mzazi yeyote angefurahi: mtoto ana fidla, mtoto ana kanisa, nini tena?

Sasa akafika umri wa kubalehe, na mambo yakageuka. Akapenda roki. Akapenda makundi ya wanawake wa Kimarekani waliopiga magitaa kwa kelele kwelikweli, kama L7 na Veruca Salt. Akataka gitaa la umeme. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mzazi hapo. Umevumilia miaka ya fidla ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia, ndiyo kwanza imeanza kusikika vizuri, halafu binti anakwambia hataki tena, anataka gitaa la kelele.

Kilichotokea ni kwamba kiongozi wa vijana kanisani kwao ndiye aliyemsaidia akapata gitaa lake la kwanza la umeme. Kanisani, jamani! Mtu mzima mmoja alimtazama msichana mweusi wa Leeds anayetaka kupiga roki, na badala ya kumwambia hicho si kitu cha wasichana, akamsaidia kukipata.

Naomba mkiweke akilini hicho kitendo kidogo. Nitakirudia.

SEHEMU YA 3

Akiwa bado kijana wa miaka ya sekondari, Corinne alianzisha bendi na wenzake. Waliiita Helen. Karibu wote walikuwa wasichana. Hiyo ni miaka ya 1990, na walipiga kwenye kumbi na klabu za Leeds, yeye akiwa mbele na gitaa lake.

Wasichana hawa hawakuwa wa kubahatisha. Walisikika mpaka kampuni ya kurekodi iitwayo Roadrunner ikawatamani. Roadrunner ilijulikana kwa muziki mzito wa metali, ule wa wanaume wenye nywele ndefu na fulana nyeusi. Kampuni ya namna hiyo kuwaangalia wasichana wa Leeds haikuwa jambo la kila siku. Mkataba ulikuwa unakuja.

Halafu mpiga besi akapata ujauzito.

Mkataba ukafa. Bendi ikavunjika.

Basi. Ukisoma historia ya Corinne popote, hapo ndipo huwa pana sentensi moja tu, halafu msimuliaji anaruka kwenda mbele kwa mbio: akaenda chuo, akakutana na mumewe, akawa nyota. Yule msichana wa besi anapewa sentensi moja, na ndani ya sentensi yenyewe kazi yake ni kuwa mjamzito. Jina hapewi.

Kwa wale mliokulia karibu na bendi zetu za dansi, mnaijua besi. Mtu asiyejua muziki anamwangalia mwimbaji, anamwangalia mpiga solo, mpiga besi hamuoni kabisa. Lakini besi ikinyamaza katikati ya wimbo, hata mtoto anayecheza mlangoni anageuka. Anajua kuna kitu kimetoka.

Mimi kila nikisoma sentensi ile moja nasimama. Maana nimeshawaona wapiga besi wengi. Wanakuja kliniki na kadi mkononi. Ukiwauliza kazi, wanasema "sina." Ukiwauliza zamani walikuwa wanafanya nini, macho yanabadilika.

SEHEMU YA 4

Sasa tumfuate Corinne, kwa sababu naye ana somo lake.

Bendi imekufa, mkataba hakuna. Akasoma fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Leeds, akamaliza 2000. Wakati huo alikuwa anafanya kazi kwenye klabu ya jazi palepale Leeds. Kazi gani? Kupokea makoti ya wateja. Unaingia, unavua koti, unampa, anakutunzia, ukitoka anakurudishia. Ni kazi ya heshima, ila haina uhusiano na kuimba.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Usiku ambao wateja walikuwa wachache, walimruhusu apande kuimba na wanamuziki waliokuwa pale. Na hapohapo klabuni ndipo alipokutana na Jason Rae, mpiga saksofoni kutoka Uskoti. Wakaoana 2001, naye akiwa na miaka 22. Jina la Rae lilitoka hapo.

Hesabu nami sasa. 2001, bado. 2003 akaimba wimbo mmoja na New Mastersounds, bendi ya fanki ya mjini kwao Leeds. Hakuwa nyota, alikuwa mwalikwa kwenye albamu ya watu. Mwishoni mwa 2005 akatoa wimbo wake wa kwanza mwenyewe, "Like a Star". Februari 2006 ikafuata "Put Your Records On", ikapanda mpaka namba 2 Uingereza. Na albamu yake ya kwanza, iliyobeba jina lake na iliyotoka mwezi huohuo, ikaingia moja kwa moja namba 1.

Mwezi huo alitimiza miaka 27.

Mwaka huohuo akapata tuzo mbili za MOBO. 2007 akatajwa kuwania Grammy tatu. Sauti iliyokuwa ikipigwa na gitaa la kelele ilikuwa imetulia, imekuwa laini, ya mtu anayezungumza na wewe sebuleni. Fidla, kwaya ya kanisani, roki, jazi, vyote vilikuwa mle ndani. Hakuna kilichopotea.

Nawaambia hivi kwa sababu kuna mama humu aliniandikia mwezi uliopita akisema mwanae ana miaka 23 na "ameshachelewa." Amechelewa nini, mama? Huyu bibie akiwa na miaka 23 alikuwa na shahada yake ya fasihi, na hana albamu.

SEHEMU YA 5

Hapa ndipo naanza kutoa maoni yangu, na najua baadhi yenu mtanishukia kwenye komenti. Njooni tu.

Watu wengi wakisikia hadithi hii wanasema: "Unaona, Mungu ana makusudi yake. Bendi ingesainiwa, leo tusingempata Corinne huyu." Hata mimi mara ya kwanza nilifikiri hivyo. Halafu nikajiuliza: tunasherehekea kwa upande wa nani? Kwa upande wa mwimbaji, sawa. Kwa upande wa mpiga besi, makusudi yalikuwa yapi? Kwamba yeye ndiye awe ngazi?

Tunafanya hivi hata majumbani. Mimba ya mmoja inageuzwa kuwa funzo la wengine. "Unamuona dada yako?" Tunamsema mbele yake, na yeye ananyonyesha palepale, anasikia.

Sikilizeni kitu kingine. Machi 2008, Jason, mume wa Corinne, alifariki ghafla. Corinne alikuwa na miaka 29. Akanyamaza. Albamu yake ya pili, "The Sea", ilitoka mwanzoni mwa 2010, miaka minne tangu ile ya kwanza. Na ilipotoka ilipokelewa kwa heshima, ikaingia kwenye orodha ya wanaowania tuzo ya Mercury mwaka huohuo. Hakuna aliyesema ameisha. Hakuna aliyemwambia, "umeshakuwa mjane, tulia." Watu walimsubiri, na walifanya vizuri sana kumsubiri.

Msiba unasubiriwa, mama zangu. Miaka minne inasubiriwa. Mbona mimba ya miezi 9 haisubiriwi?

Najua mtasema Corinne wakati huo alikuwa na jina tayari, na Helen walikuwa wasichana tu wasio na kitu. Kweli kabisa. Na ndiyo hoja yangu. Anayehitaji zaidi kusubiriwa ni yule ambaye bado hana jina. Mwenye jina atarudi tu, redio zitamtafuta. Asiye na jina, siku mliyomfungia mlango ndiyo siku ya mwisho watu kusikia kuwa aliwahi kupiga besi.

SEHEMU YA 6

Kuna mwendelezo ambao wengi hawaufuatilii, kwa sababu wanamjua kwa ule wimbo mmoja wa baiskeli na jua.

Miaka ilipita, Corinne akapenda tena. Aliolewa na Steve Brown, mtayarishaji wa muziki ambaye alikuwa anafanya naye kazi. Wakapata watoto wawili, wote wa kike. Kwa hiyo sasa na yeye ni mama. Mwamko wa usiku anaujua, maziwa yanayovuja anayajua.

2023 akatoa albamu ya nne, "Black Rainbows". Mwaka uliofuata ikaingia orodha ya Mercury, miaka 14 tangu ile ya kwanza kuingia. Na mkiisikiliza mtashtuka. Mle ndani, katikati ya mambo mengine, kuna roki. Kuna gitaa la kelele, anapiga makelele kama msichana wa miaka 15. Helen imerudi! Ile sauti iliyonyamazishwa na mimba ya mpiga besi miaka ya 1990 imerudi kwa mwanamke wa miaka 44, mama wa watoto wawili wadogo.

Sasa niambieni: kama mtoto ndiye anayeua muziki, hii imewezekanaje?

Imewezekana kwa sababu safari hii kulikuwa na mpango unaomzunguka. Mume anayetayarisha naye albamu, anayejua kwa nini mkewe yuko studio, hamuulizi "unakwenda wapi na mtoto analia." Kulikuwa na kipato. Kulikuwa na jina. Mimba ni ileile, ya Leeds ya 1990 na kitu na ya Leeds ya juzi. Kilichobadilika ni watu na vitu vilivyomzunguka mwenye mimba.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia mpaka mnichoke: mtoto haui ndoto ya mama yake. Mtoto ana kilo tatu, hawezi kuua kitu. Kinachoua ni sisi tunaosimama pembeni ya kitanda na kusema "ameshakuwa mama, atulie."

SEHEMU YA 7

Najibu kabla hamjauliza.

"Nesi, hiyo ni Ulaya. Huko kuna hela." Sikatai, huko kujifungua hospitali ya serikali hulipi, na sisi tunajua begi la kujifungulia linavyotutoa jasho. Lakini rudini Sehemu ya 3. Helen ilivunjika hukohuko Ulaya, kwenye nchi hiyohiyo yenye hospitali za bure. Kumbe hela peke yake haikutosha. Na vile vilivyomwinua Corinne havikuwa vitu vikubwa. Fidla ya shuleni. Mtu wa kanisani aliyemsaidia kupata gitaa. Klabu iliyomwachia jukwaa siku ambazo wateja hawapo. Kuna kipi hapo kinachohitaji Ulaya?

"Kwa hiyo unawahimiza mabinti wapate mimba?" Hapana, na msiniwekee maneno mdomoni. Mimi ndiye ninayewapokea wale wa miaka 15 na 16. Mwili haujakomaa, nyonga bado, uchungu unakuwa pingamizi, presha ya mimba inapanda, damu iko chini. Nimeshika mikono yao, sitaki hata mmoja zaidi. Ongeeni na mabinti zenu mapema. Na wavulana pia, maana mimba haiji kwa upepo.

Lakini ikishatokea, imetokea. Hata shule hapa kwetu, tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu binti aliyejifungua arudi darasani. Serikali imefungua mlango, ila sebuleni kwetu wengine bado tumeweka komeo.

Sasa tufanye nini? Nawapa ya kwangu kama nesi, ya kufanyika kesho asubuhi.

Kwanza, mwacheni apone. Mimi si wa kumtoa mtu kitandani kukimbilia jukwaa. Aliyefanyiwa operesheni asibebe vitu vizito kwa wiki kama sita, na kuimba kwa nguvu kunatumia misuli ileile ya tumbo, asubiri mshono upone na aulize kwanza kliniki. Kusubiri si kuacha. Ila mwambieni kwa mdomo: "Pumzika, ukipona utarudi." Maneno hayo ni ya bure.

Pili, muangalieni moyo wake. Siku za mwanzo kulialia ni kawaida, homoni zinashuka. Ikipita wiki mbili na bado ana huzuni, hataki kula, halali hata mtoto akilala, hamtazami mtoto, au anasema bora asingekuwepo, hiyo si deko. Inawezekana ni sonona. Mleteni hospitali. Na akisema anataka kujiumiza au kumuumiza mtoto, msisubiri hata saa moja. Kumwambia mtu kila anachokipenda kimeisha si dawa ya huzuni.

Tatu, maziwa. Najua hapa ndipo bibi anaposhika bango: "Ananyonyesha, atatokaje?" Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, hilo halina mjadala. Lakini maziwa yanakamuliwa. Mikono safi, chombo safi chenye mfuniko. Kwenye joto la kawaida la ndani, mtoto ayanywe ndani ya masaa manne, na kama nyumba yenu ni ya moto kama yangu, mapema zaidi. Mnywesheni kwa kikombe kidogo safi. Mazoezi ya kwaya ni masaa mawili. Hesabu inakubali.

Nne, uzazi wa mpango. Kabla hajatoka wodini azungumze na nesi. Tunashauri angalau miaka miwili ipite kabla ya kubeba mimba nyingine. Kuna njia zinazomfaa hata anayenyonyesha. Hii ni afya ya mwili wake kwanza, na ndani yake kuna muda wa kujipanga.

Tano, kina baba. Mnasema mnasaidia. Kumshika mwanao si kusaidia, ni mwanao. Chagua siku moja kwa wiki, iwe siku yake. Jumamosi kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni mtoto ni wako, yeye anakwenda kwenye cherehani yake, kwenye kozi yake, kwenye bendi yake. Usimpigie simu kuuliza nepi ziko wapi. Zitafute.

Na sita, ya kwenu mama zangu wakubwa, mabibi. Hii nasema kwa magoti. Nyie ndio wenye mlango. Mkwe anawasikiliza nyie kuliko anavyonisikiliza mimi nesi. Wengi wenu mliambiwa "tulia" mkiwa na miaka 20, mkatulia, na mpaka leo mnajua mlichokitulizia. Msimrithishe.

Namalizia na yule dada.

Siku ya kuruhusiwa, nilikuwa zamu ya asubuhi. Nikawakuta wanakusanya vitu. Nikamwambia bibi wa mtoto, kwa heshima zote, "Mama, shikamoo. Huyu binti ana sauti nzuri, nimemsikia usiku." Akaniitikia marahaba, akaendelea kukunja kanga. Nikajua nimekataliwa.

Halafu akasema, bila kunitazama: "Hata mimi niliimba. Kwaya ya vijana. Nilikuwa sauti ya kwanza." Akakunja kanga ya pili. "Nikaacha nilipompata baba yake huyu."

Yule dada akamgeukia. Ilionekana hajawahi kusikia hilo maisha yake yote, na huyo ni mama mkwe anayeishi naye nyumba moja.

Sijui watakubaliana nini huko nyumbani, hilo si la kadi ya kliniki. Ila kwenye kurudi wiki ya sita nitamuuliza mambo matatu: mtoto ananyonya, mshono umekauka, na ile bendi ya hotelini umeshawapigia simu?

Na wewe unayesoma hapa, mama mwenzangu. Niandikie kwenye komenti: ulikuwa unapiga nini kabla hawajakwambia utulie? Cherehani, mpira wa pete, hesabu, keki, ngoma, chochote. Andika jina lako na hicho kitu. Yule msichana wa besi hakupewa jina kwenye hadithi yake. Kwenye ukurasa huu tuandikane majina.

Usiku mwema. Naingia zamu.